Siku 56 za Fildi

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wasomaji wengi wa hapa walizaliwa baadaye sana, na nikiwaambia hivi huwa wanadhani natania. Sitanii. Kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, viliingizwa kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kupita bandarini, na aliyevihitaji kweli kweli alilazimika kuomba kibali maalumu. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1973, TANU ilikuwa imeamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Yaani mji ninaoishi mimi, kwa maana ya mji mkuu, umeipita marufuku ile kwa mwaka mmoja.

Nataka kuyazungumzia mambo hayo mawili kwa kupitia jambo la tatu, dogo zaidi: likizo ndefu ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwanafunzi huyu anaifanyia nini likizo yake? Na imekuwaje mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta katika nchi hii aweze kufika mwaka wa mwisho bila kuchora hata chipu moja, wakati kuchora chipu ni kazi ya kompyuta mpakato na wiki chache za kukaa chini?

Tuanze na marufuku. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza iliyoitwa ICT 1500. Mwaka huohuo, huko California, Gordon Moore aliandika makala fupi akitabiri kwamba idadi ya vipande vinavyowekwa ndani ya chipu moja itaendelea kujirudufu kila baada ya muda mfupi. Sidhani kama kuna mtu Hazina aliyeisoma. Miaka michache baadaye ikaletwa mashine kubwa zaidi, na jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali humo likaharibika vibaya. Wataalamu walikuwa wageni, fedha za kigeni zilikuwa haba, na ilipofika 1973 na 1974 tulikuwa na balaa mbili kwa pamoja: bei ya mafuta imepanda duniani na ukame umetulazimisha kununua chakula nje. Hebu jiweke kwenye kiti cha ofisa wa wakati ule. Dola ulizonazo zinunue mahindi au zinunue mashine ambayo imeshakuvurugia daftari? Televisheni nayo ilionekana anasa ya watu wachache wa mjini; Zanzibar walianzisha yao mwaka 1973, sisi wa bara tukasubiri mpaka 1994.

Kwa hiyo sina ugomvi na walioamua. Ninachoshangaa ni kitu kingine. Nchi iliyofunga mlango ule ndiyo nchi iliyokuwa ikiamini kuliko karibu zote kwamba mtu hujifunza kwa mikono. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Wajerumani (kabla ya hapo vijana wetu walisomea uhandisi Nairobi), na tangu mwanzo kilishika utaratibu wa kumtoa mwanafunzi darasani kila mwisho wa mwaka na kumpeleka kiwandani wiki nane. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, likasema hata kuingia chuo kikuu usiingie moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kafanye kazi kwanza miaka miwili. Unaona? Mwaka uleule. Kwa mkono mmoja tunamwambia kijana nenda kashike chuma, kwa mkono mwingine tunakiondoa mezani kile chuma ambacho dunia nzima ilikuwa inaanza kukishika.

Maana marufuku ilikuja wakati mbaya kuliko wote. Intel walikuwa wametoa 4004 mwaka 1971, kompyuta nzima ya hesabu ndani ya chipu moja yenye transista 2,300 hivi. Kompyuta tuliyoiogopa sisi ilikuwa ile ya kujaza chumba. Tulipokuwa tunaifungia mlango, mwenzake mdogo alikuwa tayari anapita dirishani.

Na kweli alipita, ila hakuitwa kompyuta. Semikondakta ya kwanza kuingia vijiji vya Ugogo iliingia ndani ya redio. Matsushita wa Japani walikuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960, wakitengeneza betri na redio za National, na redio hizo zilikuwa za transista. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili kwenye vikundi, wanasikiliza kipindi, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba choo. Tunaikumbuka kama historia ya elimu ya watu wazima, na ni sawa. Lakini ni historia ya transista pia. Watu milioni mbili walikaa wakizunguka vijipande vya semikondakta na hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya kile kisanduku kuna kitu cha kujifunza. Aliyejua ni fundi redio peke yake, pale barazani na koleo lake na kaa la kuchomea risasi. Yeye alikuwa na wanafunzi, tena wa kukaa naye mwaka mzima. Ila hakuwa na logibuku.

Neno lenyewe linasumbua, nalisema kwa kuwa hapa tunapenda maneno. Kompyuta tumeigombea weee: wengine tarakilishi, wengine ngamizi, watu wakaendelea kusema kompyuta. Semikondakta haijapata hata ugomvi. Ni kitu kinachopitisha umeme nusunusu: si kama waya wa shaba unaopitisha wote, si kama plastiki inayokataa kabisa. Silikoni safi ukiitia chembe chache za fosforasi inatabia hivi, ukiitia boroni inatabia vile, na ukiziweka hizo mbili jirani unapata mlango wa umeme unaoufungua na kuufunga upendavyo. Chipu ni milango hiyo, mingi, iliyopangwa kwa akili.

Namna inavyotengenezwa, mama yeyote wa kikundi cha batiki anaweza kukuelewa. Unamwaga nta mahali usipotaka rangi ifike, unachovya, unaiondoa nta, unaanza upya na rangi nyingine. Kiwandani badala ya nta wanapaka utomvu unaobadilika ukipigwa mwanga, wanaumulika kupitia kioo chenye mchoro, sehemu inaoshwa na sehemu inabaki, kisha ndiyo wanatia dawa au kukwangua. Wanarudia mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likae juu ya mwenzake bila kupishana. Tofauti na batiki ni udogo tu, na usafi. Vumbi moja la Dodoma likianguka juu ya kile kisahani cha silikoni, ni sawa na jiwe kuanguka juu ya mtaa.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa wenzetu wakati sisi tumefunga mlango, kwa sababu hiki ndicho kisa kilichonifanya niandike.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970, kuchora chipu ilikuwa siri ya kampuni. Mchoraji alikaa jengo moja na mchapaji, na kanuni za kuchora zilitegemea mitambo ya nyumba ile. Carver Mead na Lynn Conway wakasema: hapana, hizi ni kazi mbili. Wakabuni kanuni fupi za kuchora ambazo vipimo vyake vyote vinatokana na kipimo kimoja, kama mtu anayepima kwa shibiri. Mkono ukiwa mdogo au mkubwa, mchoro unabaki uleule. Mwishoni mwa 1978 Conway akaenda MIT kufundisha somo hilo kwa mara ya kwanza kwa namna hiyo. Wanafunzi walijifunza nusu ya muhula, wakachora nusu ya pili, michoro yao ikatumwa California ikachapwa, na wiki kadhaa baadaye kila mmoja akaletewa chipu yake mwenyewe. Mmoja wao, Guy Steele, alikuwa amechora prosesa nzima.

Mwaka uliofuata wakafanya kwa vyuo vingi kwa pamoja. Michoro 82, wachoraji 124, yote ikakusanywa kwa njia ya mtandao uliokuja kuzaa intaneti na kubanwa pamoja kwenye visahani vichache, kama abiria wa daladala wanaochangia nauli ya gari moja. Tangu siku ya mwisho ya kupokea michoro hadi chipu kuwa mikononi mwa wenyewe zilipita siku 29.

Narudia: siku 29, mwaka 1979. Fildi ya mwanafunzi wa Tanzania ni siku 56.

Na hao hawakuwa mabingwa. Walikuwa wanafunzi na walimu wao, wengi ndiyo mara yao ya kwanza. Kutoka hapo kazi ya kuchora ikaachana na kazi ya kuchapa moja kwa moja. Mwaka 1987 Morris Chang akaanzisha TSMC kule Taiwan, kiwanda kisichochora chochote, kinachapa tu michoro ya wengine. Mgawanyo huo ndio umeendesha dunia ya chipu mpaka leo.

Turudi nyumbani. Masharti ya kompyuta yalilegea taratibu kuelekea miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa pale Chimwaga, kwenye ukumbi ambao watu wengi waliujua kwa mikutano mikuu ya CCM. Kiliwekewa lengo la kufikia wanafunzi 40,000, na ndani yake kikawekwa chuo kizima cha mambo ya kompyuta. Ukitoka mjini jioni unaiona taa yake juu ya vilima, mstari mrefu kama mji mwingine. Mimi bado inanigusa. Mji uliozaliwa na uamuzi wa 1973, leo una vijana maelfu wanaosomea kitu kilichopigwa marufuku 1974.

Fildi nayo imekua. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina fungu maalumu la mafunzo kwa vitendo, na kiwango ambacho wanafunzi wamekizoea ni shilingi 10,000 kwa siku, mwisho siku 56. Wiki nane zilezile za 1973! Utaratibu unaujua: barua ya maombi yenye muhuri, msimamizi wa ofisini, msimamizi wa chuo anayepita mara moja, logibuku ya kujaza kila siku, ripoti mwishoni. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli mwaka 2016, nafasi hazitafutwi tena Dar es Salaam peke yake. Mtumba kumejaa ofisi.

Tatizo ni kwamba ofisi haitengenezi. Wiki nane za mwanzo zilibuniwa kwa ajili ya viwanda: kiwanda cha nguo, karakana ya reli, kituo cha umeme. Mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo alikuta mtambo. Mwanafunzi wa kompyuta anakuta printa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alifanya fildi ya mwaka wa tatu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, watu wema tu, chai saa nne. Siku moja nikamuuliza anajifunza nini.

"Mjomba, nimejua kubadilisha wino wa printa aina nne."

"Na kingine?"

"Na kuvuta waya juu ya dari. Ile ya dari mbona nzuri, unaona mji wote."

Sisemi kuvuta waya si kazi. Nasema hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba mhandisi wa kompyuta ajifunze wino. Imetokea hivyo kwa sababu kitu cha kujifunzia hakipo pale anapopelekwa. Sheria ya 1974 ilishakufa, ila kwa maoni yangu kivuli chake bado kiko kwenye logibuku: tunamfundisha kijana kuwa mtumiaji mzuri wa mashine iliyofungwa.

Mtu atasema: basi tujenge kiwanda cha chipu Dodoma. Hapana, jamani. Kiwanda kikubwa cha chipu kinakunywa maji mamilioni ya lita kwa siku, tena yaliyosafishwa kuliko ya sindano, na sisi mji wetu unaishi kwa visima vya Mzakwe na mvua ya msimu mmoja isiyofika hata milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Kinataka umeme usiopepesa, na hewa isiyo na vumbi. Atakayekuja kutuahidi kiwanda hicho kwenye uwanda huu wa upepo, mpeni chai, msikilizeni, aende zake.

Lakini kiwanda kidogo hakihitaji miujiza, na ushahidi uko jirani. Nyeri, Kenya, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iko kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited, iliyoanzishwa na Mkenya Anthony Githinji. Rais Uhuru Kenyatta aliitembelea mwaka 2021. Hawashindani na Taiwan. Wanatengeneza vitu vya vipimo vikubwa, vihisio na kadhalika. Jambo linalonivutia ni mahali walipojenga. Wamejenga chuoni, na kati ya kiwanda na darasa kuna mwendo wa miguu. Mwaka 2024, Rais Ruto alipokwenda Washington, Wamarekani wakatangaza nia ya kuifanya Kenya nchi ya kwanza ya Afrika kunufaika na fedha za sheria yao ya chipu ya 2022. Siasa za Wamarekani hubadilika kila uchaguzi na mimi nisingezijengea nyumba. Vijana waliokwisha kuvaa koti jeupe la chumba safi, hao hawabadiliki.

Kwetu Dodoma mlango ulio wazi ni wa kuchora. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walitoa hadharani kanuni za kuchora za kiwanda hicho, vile vipimo ambavyo zamani ulisaini makaratasi ya siri ndipo uvione. Ni sawa na fundi cherehani kubandika vipimo vyake vyote ukutani. Programu za kuchorea nazo ni za bure. Mojawapo, Magic, ilianza kuandikwa Berkeley miaka ya 1980, matunda ya moja kwa moja ya wimbi la Mead na Conway, na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Halafu kuna Tiny Tapeout, iliyoanza 2022, ambayo inafanya daladala ileile ya 1979: michoro mingi midogo ya wanafunzi na watu wa kawaida, chipu moja, kila mtu analipia kiti chake.

Kwa hiyo wiki nane zingetosha. Wiki mbili za milango ya mantiki na lugha ya kuielezea, mbili za kuchora, mbili za kujaribu na kugundua kwamba umekosea, moja ya kurekebisha, moja ya kuandika ripoti ambayo kwa mara moja ina kitu ndani. Vyumba vya kompyuta vya vyuo vyetu wakati wa likizo vimelala. Chipu yenyewe itachukua miezi mingi kurudi, hatuna kasi ya siku 29, kwa hiyo mwanafunzi ataipokea akiwa mwaka mwingine. Siyo vibaya. Darasa linalofuata litapata cha kupima.

Na kazi ya baadaye? Hilo swali naulizwa kila nikilisema hili, na ni swali la haki. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inaongozwa na semikondakta za nguvu, vipande vinavyokata na kuunganisha umeme mkubwa mara nyingi mno kwa sekunde. Mita ya LUKU ukutani kwako ina chipu. Simu ya mkulima wa zabibu wa Hombolo inayo. Leo vikiharibika tunang'oa kadi nzima, tunaagiza nyingine. Anayejua chipu inavyochorwa anaweza angalau kuuliza kwa nini kadi hii inakufa kila masika, na akalielewa jibu.

Mpwa wangu alianza kuchora jioni, baada ya ofisi, kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni. Alipata mafunzo kwenye video, bando likiisha anakuja kwangu. Mchoro wake ni kihesabio cha biti nne: kinahesabu kuanzia sifuri hadi 15, kisha kinaanza upya. Alinionyesha kwenye kioo, mistari mekundu na ya bluu na ya kijani iliyokatana, akanieleza kila rangi ni tabaka gani. Mara ya kwanza programu ilimkatalia kwa makosa zaidi ya mia: mistari imesogeleana mno. Akapunguza hadi 40, hadi 12, hadi mawili yaliyomkesha siku tatu. Kisha yakaisha.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa kiti, mjomba. Kulipia kiti."

Tulipiga hesabu pamoja. Fedha za fildi ni 560,000 kwa siku zote 56, na yeye alikuwa ameshakula na kupanda daladala za Mtumba. Ada ya kiti, na gharama ya kuletewa chipu huku, ingemeza sehemu kubwa ya hizo zote. Mchoro uko kwenye flashi, ndani ya kabati langu, pamoja na vyeti vya mama yake. Nilimwomba pia nione logibuku, nione wiki ile ya yale makosa mawili ameandika nini. Ameandika: "Kufunga printa ghorofa ya pili na kuhakikisha inafanya kazi." Pembeni kuna saini ya msimamizi na tarehe.